Kompyuta ya Nyumbani Kusaidia Utafiti wa Sayansi: Maandalizi, Gharama na Tahadhari

Kompyuta iliyowashwa nyumbani haifanyi kazi kila wakati. Mwenye nyumba anapoandika barua, anapojaza fomu ya eCitizen au mtoto anaposoma masomo yake, sehemu kubwa ya nguvu za mashine hiyo hukaa bure. Prosesa inayoweza kufanya hesabu mamilioni kwa sekunde moja inasubiri mtu abonyeze herufi inayofuata. Akitoka kwenda kunywa chai, inasubiri zaidi. Kwa zaidi ya miaka 25 sasa wanasayansi wamekuwa wakiwaomba watu wa kawaida wawaazime muda huo, na watu wengi katika nchi mbalimbali wamekubali.

Makala haya yanaeleza jinsi mkazi wa Taita Taveta mwenye kompyuta anavyoweza kujiunga na kazi hiyo ya kujitolea. Yanaeleza pia jambo ambalo matangazo ya miradi hii hulipitia haraka: programu yenyewe hutolewa bila malipo, lakini stima hulipwa. Anayejitolea bila kupiga hesabu hiyo huishia kuifuta programu mwezi wa kwanza, tena kwa hasira.

Mfumo unavyofanya kazi

Kuna maswali ya sayansi yanayohitaji hesabu nyingi kiasi kwamba kompyuta moja, hata iwe kubwa, ingechukua miaka mingi kuzimaliza. Watafiti huigawa kazi hiyo katika vipande vidogo. Kila kipande hutumwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta ya mtu aliyejitolea. Kompyuta hupiga hesabu kwa saa kadhaa au siku kadhaa, kisha hurudisha jibu na kupewa kipande kingine. Ni kama shamba la ekari nyingi linalolimwa na kijiji kizima kwa msaragambo: kila mtu anashika kipande chake, na hakuna anayelazimika kulijua shamba lote.

Mradi uliofanya mtindo huu ujulikane ulianza tarehe 17 Mei 1999 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani. Uliitwa SETI@home, na ulichambua mawimbi ya redio kutoka angani kutafuta dalili za viumbe wenye akili mahali pengine. Mradi huo uliacha kutuma kazi mwaka 2020, bila kuwapata viumbe hao. Hata hivyo uliacha kitu cha maana duniani: kutokana nao ilizaliwa programu ya BOINC, ambayo leo inatumiwa na miradi mingi ya fizikia, nyota, tiba na hali ya hewa. BOINC ndiyo itakayoelezwa hapa, kwa sababu mtu akiisakinisha mara moja anaweza kuhama kutoka mradi mmoja hadi mwingine bila kuanza upya.

Jibu moja haliaminiwi hivi hivi. Katika miradi mingi kipande kilekile hutumwa kwa kompyuta mbili au zaidi za watu wasiojuana, na majibu hulinganishwa. Yakipatana, yanapokelewa. Yakitofautiana, kipande hutumwa kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo kompyuta inayopata joto kupita kiasi na kukosea hesabu haitaharibu utafiti, ila itakuwa imekula stima ya mwenyewe bure.

Malaria na mvua

Anaweza kuuliza mtu: haya ya nyota za mbali yanamhusu nini mkulima wa Mwatate au mama mwenye mtoto mgonjwa Taveta? Swali ni la haki, na lina majibu mawili yaliyo karibu na nyumbani.

La kwanza ni malaria. Kwa takribani miaka kumi, hadi mwaka 2016, Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoko Basel iliendesha mradi ulioitwa malariacontrol.net. Kompyuta za watu waliojitolea ziliiga maisha ya jamii nzima ndani ya hesabu: mbu wanauma, watoto wanaugua, wengine wanapata kinga, wengine wanalala ndani ya neti. Kisha hesabu ilirudiwa kwa kubadilisha jambo moja moja. Neti zikigawiwa kwa wingi, nini kitatokea baada ya miaka mitano? Chanjo ikiongezwa, je? Majaribio kama hayo hayawezi kufanywa kwa watu halisi, na yanahitaji hesabu kurudiwa mara nyingi mno. Mfumo huo wa hesabu, OpenMalaria, ulikuwa miongoni mwa ile iliyotumiwa kukadiria faida ya chanjo ya RTS,S, ambayo ilianza kutolewa Kenya, Ghana na Malawi mwaka 2019.

La pili ni mvua. Mwaka huohuo wa 2019, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft nchini Uholanzi kilianzisha mradi wa mvua za Afrika kupitia World Community Grid, mpango ulioasisiwa na kampuni ya IBM mwaka 2004 na kukabidhiwa Taasisi ya Utafiti ya Krembil ya Toronto, Kanada, mwaka 2021. Tatizo walilolishika ni lile ambalo kila mkazi wa kaunti hii analijua. Mawingu yanapanda kwenye milima ya Taita, Wundanyi inapata mvua ya kutosha, na Voi, ambayo kwa mstari ulionyooka iko kilomita ishirini na kitu tu kutoka hapo, inabaki na vumbi lake. Mifumo ya hesabu inayotazama dunia nzima hugawa ardhi katika visanduku vikubwa, na milima na nyanda huingia katika kisanduku kimoja na kupewa utabiri mmoja. Wingu la mvua ya radi ni dogo kuliko kisanduku hicho.

Watafiti wa Delft waliamua kuigawa Afrika kusini mwa Sahara katika maeneo zaidi ya 35,000, kila eneo likiwa na upana wa kilomita 52 kwa 52, na ndani yake kupiga hesabu ya mvua kwa hatua za kilomita moja. Kisha kila eneo lilipaswa kusogezwa mbele siku mbili mbili hadi mwaka mzima utimie. Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyofanya wahitaji kompyuta za watu. Matokeo yake yalikusudiwa kulinganishwa na picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya hali ya hewa vya mpango wa TAHMO, ambavyo baadhi yake vimewekwa katika shule za hapa Kenya.

Miradi huanza na kwisha, na wakati mwingine husimama kwa muda. Anayejiunga leo aangalie kwanza ni ipi inayotoa kazi kwa sasa. Orodha iko ndani ya programu yenyewe.

Kompyuta ipi inafaa

Kompyuta ya mezani au kipakatalishi cha miaka ya karibuni chenye RAM ya GB 4 au zaidi kinatosha kwa miradi mingi. GB 8 ni bora, hasa ikiwa watu wengine nyumbani wanaitumia mashine hiyohiyo. Windows, Mac na Linux zote zinakubalika.

Kwa mashine za zamani sana jibu ni hapana. Zile kompyuta za mezani za mtumba zilizotoka katika ofisi za Ulaya, zenye umri wa miaka kumi na tano hivi, hula stima nyingi kwa hesabu chache. Kazi ambayo mashine hiyo inaimaliza kwa siku mbili, kipakatalishi kipya kinaweza kuimaliza kwa saa chache na kwa stima ndogo zaidi. Nia njema haibadilishi jambo hilo. Mashine kama hiyo bado inafaa kuandikia na kujifunzia. Ibaki na kazi hiyo.

Simu za Android pia zina BOINC yake. Kwa kawaida imepangwa ifanye kazi simu ikiwa kwenye chaja, betri ikiwa imekaribia kujaa, na mafaili yapitie Wi-Fi. Ni njia nzuri ya kujaribu, ingawa simu inayopata joto usiku kucha kwenye chaja huchosha betri, na betri ya simu si bei rahisi.

Stima: hesabu ya kwanza kabla ya yote

Kompyuta inayosubiri hutumia stima kidogo. Kompyuta inayopiga hesabu kwa nguvu zote hutumia zaidi, pengine mara mbili au tatu. Kiasi hasa hutegemea mashine, na njia bora ya kukijua ni kupima. Nyumba yenye mita ya tokeni tayari ina kipimo.

Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima. Karibu nayo kumeandikwa namba, mara nyingi 1000 au 1600, ikifuatwa na herufi imp/kWh. Maana yake ni kwamba taa huwaka mara 1000, au mara 1600, kwa kila yuniti moja inayotumika. Ikiwa namba ni 1000, kila inapowaka imetumika wati-saa moja.

Mwenye nyumba azime kila kitu isipokuwa kompyuta: friji, taa, televisheni, chaja za simu. Kompyuta iachwe imewashwa bila kufanya lolote. Ahesabu taa ya mita inawaka mara ngapi ndani ya dakika 6, kwa saa ya simu. Dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, kwa hiyo kwa mita ya 1000 idadi hiyo ikizidishwa kwa 10 inatoa wati moja kwa moja. Ikiwaka mara 4, kompyuta inatumia wati 40. Baadaye, BOINC ikiwa imeshaanza kazi, apime tena. Tuseme safari hii inawaka mara 10: wati 100. Kwa mita ya 1600 jibu ligawanywe kwa 1.6. Anayetaka usahihi zaidi ahesabu kwa dakika 12 na kuzidisha kwa 5.

Sasa bei. Ujumbe wa tokeni unaokuja kwenye simu huonyesha pesa zilizolipwa na yuniti zilizopatikana. Pesa zikigawanywa kwa yuniti, hiyo ndiyo bei halisi, pamoja na kodi na ada zote. Kwa mfano tu, tuichukue kuwa shilingi 25.

Ikiwa kompyuta ingekuwa imewashwa hata hivyo, kwa mfano ya mtu anayefanya kazi za mtandaoni kutwa, gharama ya kujitolea ni ile nyongeza tu ya wati 60. Kwa saa 6 kila siku inakuwa yuniti 0.36, na kwa siku 30 yuniti 10.8, sawa na shilingi 270. Lakini ikiwa inaachwa imewashwa kwa ajili ya BOINC peke yake, gharama ni wati zote 100: yuniti 18 kwa mwezi, shilingi 450. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kumwongoza mtu. Kujitolea kunafaa zaidi katika saa ambazo kompyuta ingewaka kwa sababu nyingine. Kuiacha usiku kucha kwa ajili ya sayansi ni sadaka ya namna nyingine, na mtu aifanye akijua.

Lipo jambo lililofichika zaidi. Katika viwango vya stima vilivyoanza mwaka 2023, bei ya chini kabisa kwa wateja wa nyumbani ilitengewa wale ambao matumizi yao hayazidi yuniti 30 kwa mwezi. Familia inayotumia yuniti 22 ikiongeza 18 za BOINC inafika 40. Hapo haitalipia zile 18 peke yake. Inaweza kuhamishwa kwenye kiwango cha juu na kulipa zaidi kwa kila yuniti, hata zile za taa na redio. Nyumba ya namna hiyo ni afadhali isijiunge, au ijiunge kwa saa moja mbili tu kwa siku. Mwenye sola ambaye betri zake zimejaa saa saba mchana yuko mahali pazuri: jua ambalo lingepotea linaweza kupiga hesabu.

Kusakinisha

Programu ipakuliwe kutoka tovuti yake rasmi, boinc.berkeley.edu, na si kwingineko. Kiungo kilichotumwa katika kikundi cha WhatsApp kisifuatwe hata kama aliyekituma ni jamaa. Baada ya kupakua, usakinishaji ni wa kawaida na hauchukui dakika nyingi. Kuna swali moja la kuangalia: kama watumiaji wote wa kompyuta hiyo waruhusiwe kuiendesha. Katika nyumba yenye watoto, ni vyema mtu mmoja tu awe na mamlaka hayo.

Programu ikifunguka mara ya kwanza huomba mradi uchaguliwe. Maandishi yake ni ya Kiingereza. Kitufe cha kutafuta ni "Add project". Orodha itatokea pamoja na maelezo mafupi ya kila mradi na taasisi inayouendesha. Hapa mtu asikimbilie. Einstein@Home hutafuta mawimbi ya mvutano na nyota zinazozunguka kwa kasi, Rosetta@home ya Chuo Kikuu cha Washington huchunguza maumbo ya protini, LHC@home ni ya kituo cha CERN, Climateprediction.net ya Oxford hushughulikia tabianchi. Kazi za tabianchi na za mvua huwa ndefu na mafaili yake ni makubwa, kwa hiyo mwenye kununua bando za siku atazipata nzito. Ajaribu kwanza mradi wenye vipande vifupi, aone mashine yake inavyostahimili, kisha ahamie kwenye ule anaoutaka moyoni.

Mradi utaomba barua pepe na nywila ili kufungua akaunti. Jina linaloonekana kwa wengine linaweza kuwa la kubuni. Hauhitaji namba ya kitambulisho, namba ya simu wala malipo yoyote. Nywila isiwe ile ya barua pepe au ya benki.

Dakika chache baadaye vipande vya kwanza vitaingia, na feni itaanza kusikika. Watu wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Kumbe sehemu muhimu ndiyo inayofuata.

Mipangilio

Katika menyu ya "Options" kuna "Computing preferences". Ikiachwa kama ilivyo, programu inaweza kuvitumia viini vyote vya prosesa. Viini ni kama vibarua ndani ya prosesa. Kompyuta nyingi za sasa zina vinne au zaidi. Kwa kuanzia, kiwango cha viini kishushwe hadi asilimia 50, yaani nusu ya vibarua wafanye kazi na nusu wapumzike. Pana kiwango kingine, cha asilimia ya muda wa prosesa, na wengi hukishusha hicho badala ya cha viini. Matokeo yake mashine hufanya kazi kwa kushtuka na kusimama, na feni hupanda na kushuka. Ni bora viini vipunguzwe na muda uachwe kwenye 100.

Chaguo la kusimamisha kazi kipakatalishi kikiwa kwenye betri lihakikishwe kuwa limewekwa alama. Stima ikipotea, programu itanyamaza yenyewe na betri itabaki kwa matumizi ya nyumbani. Chaguo la kusimama mtu anapotumia kompyuta linafaa kwa mashine yenye RAM ndogo. Kwa mashine yenye nguvu si lazima.

Kuna ratiba ya saa. Mwenye kompyuta anaweza kuruhusu hesabu kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana tu, kwa mfano. Awe mwangalifu: programu huandika saa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni 08:00 na saa nane mchana ni 14:00. Aliyeandika 02:00 akidhani ni asubuhi atashangaa feni ikimwamsha usiku wa manane.

Upande wa intaneti, upo mpaka wa megabaiti kwa idadi ya siku. Mwenye bando ya GB 1 kwa wiki anaweza kuweka MB 200 kwa siku 7, na programu itajizuia. Hifadhi ya kazi za siku zijazo iwe ndogo, sehemu ya kumi ya siku inatosha. Kila kipande kina tarehe ya mwisho, mara nyingi wiki moja au mbili, na kompyuta iliyojaza ghala la vipande kisha ikakaa siku kumi bila kuwashwa itavirudisha vimechelewa. Watafiti watakuwa wameshampa mtu mwingine.

Diski nayo iwekewe kikomo; GB 10 ni nyingi kwa miradi ya kawaida.

Joto, vumbi na stima inayokatika

Kompyuta iliyoko Wundanyi au Mgange haina shida ambayo ile ya Voi au Taveta itaipata mwezi wa Februari. Hewa inayoingia kupoza prosesa ikiwa na joto tayari, feni hufanya kazi ya ziada bila mafanikio makubwa. Vumbi jekundu huziba matundu, na mashine hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kabla ya kuanza, fundi aifungue na kuipuliza. Kwa kompyuta ya mezani kazi hiyo irudiwe kila baada ya miezi michache. Kipakatalishi kisiwekwe juu ya godoro, kochi wala kitambaa cha meza. Kikae juu ya meza tupu, na nyuma kikiinuliwa kwa vipande viwili vya mbao hewa itapita vizuri zaidi kuliko kwa vifaa vingi vinavyouzwa madukani.

Mtu akigusa sehemu ya chini ya kipakatalishi na kulazimika kuondoa mkono, viini vipunguzwe tena. Adapta inayonuka au yenye waya uliochubuka ibadilishwe kabla ya jambo lolote, iwe BOINC ipo au haipo.

Kukatika kwa stima hakupotezi kazi yote. Vipande vya miradi mingi huhifadhi hesabu kila baada ya muda, na kompyuta ikiwashwa huendelea kutoka pale ilipofika. Hatari kubwa iko kwenye kompyuta ya mezani yenyewe, kwa sababu stima inaporudi huweza kuja na nguvu isiyo ya kawaida. Isiachwe peke yake usiku bila kifaa cha kuikinga.

Kompyuta ya ofisi, ya shule na ya saiba

Kujitolea ni kutoa kilicho chako. Mfanyakazi wa umma hana ruhusa ya kuweka BOINC kwenye kompyuta ya ofisi kwa kuwa tu iko mezani pake, na mwalimu hawezi kuiweka kwenye maabara ya shule bila mkuu wa shule kukubali. Stima inalipwa na mtu mwingine, mashine ni mali ya mtu mwingine, na usalama wa data zilizomo ni jukumu la mtu mwingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na kisingizio cha sayansi si idhini. Anayetaka shule yake ishiriki aombe kwa maandishi, aonyeshe hesabu ya stima, na asubiri jibu. Klabu ya sayansi yenye kompyuta mbili zilizokubaliwa ni mwanzo mzuri, tena wanafunzi wenyewe wanaweza kufanya lile zoezi la taa ya mita.

Matapeli nao wapo. BOINC haimlipi mtu. Inatoa pointi, na pointi hizo hazinunui hata kibiriti. Ni za kujipima na za utani kati ya marafiki. Yeyote anayeahidi mapato ya kila wiki kwa "kukodisha kompyuta yako", anayeomba ada ya kujiandikisha kwa M-Pesa au anayetaka kuingia kwenye mashine kutoka mbali ili "akuwekee", haiwakilishi miradi hii.

Jambo moja la kweli lisemwe kuhusu matumaini. Mwaka 2010 Einstein@Home ilitangaza nyota ya aina ya palsa ambayo haikuwa ikijulikana, iliyogunduliwa katika data za darubini ya Arecibo, na kompyuta zilizoipata zilikuwa za watu wa kawaida nchini Marekani na Ujerumani, ambao majina yao yalitajwa na watafiti. Hilo hutokea kwa nadra sana. Vipande vingi havina chochote cha ajabu ndani yake. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba mahali fulani hapana kitu, ili watafiti wasirudi kutafuta hapo.

Kufuatilia na kuacha

Baada ya wiki moja mwenye kompyuta afungue ukurasa wa akaunti yake katika tovuti ya mradi na kuangalia vipande alivyorudisha. Vilivyokubaliwa vitaonyeshwa hivyo, na vyenye makosa pia. Kosa moja si neno. Makosa yakiwa mengi, kwa kawaida chanzo ni joto au RAM yenye hitilafu, na fundi aitwe. Apime pia yuniti za mita kwa wiki hiyo na kuzilinganisha na wiki iliyotangulia, maana hesabu ya karatasi na ya mita haziendi pamoja kila mara.

Hakuna mkataba wa muda. Anayetaka kuacha, kwa sababu ya stima, safari, au mtoto aliyeingia kidato cha nne na kuihitaji kompyuta, achague mradi ndani ya programu na kubofya "No new tasks". Vipande vilivyopo vitamalizika na kurudishwa. Kisha auondoe mradi, na mwisho aifute programu kama zinavyofutwa nyingine. Akaunti itabaki, na siku akirudi ataikuta na pointi zake.